Watoto wakigombania kanuni za mchezo, usikimbilie kuwa refa

WATOTO wanapogombana kwenye mchezo, wazazi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaokusanya vifaa vyote na kuvifungia kabatini: "Basi, leteni hapa, hakuna anayecheza tena." Wapo wanaogeuka mahakimu wa papo hapo: "Wewe ni mkubwa, mwachie mwenzio." Njia zote mbili huleta utulivu wa nusu saa. Lakini humnyima mtoto kazi ambayo alikuwa karibu kuianza, yaani kukaa chini na mwenzake wakatengeneza kanuni ambayo wote wawili wataiheshimu.

Wavulana wawili wa mtaa mmoja mjini Singida waliifanya kazi hiyo, na haikuwa rahisi. Mmoja yuko darasa la sita, mwingine la tano. Tuwaite Mwenyeji na Mgeni, kwa sababu mchezo wao ulichezwa sebuleni kwa mmoja, na mwingine alikuwa akija kila siku baada ya shule kumsubiri mama yake, ambaye huuza vitunguu sokoni hadi jua linapozama.

Vita juu ya mkeka

Mchezo wenyewe ni wa vita vidogo. Kila mmoja ana askari kumi na wawili wa udongo, wenye urefu wa kidole gumba. Mwanzoni walikuwa wa makaratasi ya boksi, lakini upepo wa Singida ukipita mlangoni jeshi zima lilikuwa linalala chini kabla ya vita. Mwenyeji akachukua udongo wa kichuguu, akaufinyanga, akauanika kivulini ili usipasuke. Uwanja wa vita ni mkeka. Mawe ni milima, magunzi ya mahindi ni uzio, na kipande cha kitambaa cha bluu ni Ziwa Singidani.

Askari wa miguu anasogea urefu wa kiberiti kimoja. Aliyepanda punda anasogea viberiti viwili. Wakikutana, kila mchezaji anarusha dadu, mwenye namba kubwa anamwondoa mwenzake. Aliyejificha nyuma ya jiwe anaongezewa moja. Zikifungana, wote wanarudi nyuma kiberiti kimoja. Mdogo wake Mwenyeji, msichana wa darasa la pili, alipewa kazi ya kuhesabu hadi mia moja kwa kila zamu, maana saa ya ukutani ilikufa betri.

Kulikuwa pia na nyuki. Kila mtoto wa Singida anayependa mpira analijua jina la Liti kwa sababu ya uwanja wa Liti. Baba yake Mwenyeji aliwaeleza kwamba Liti Kidanka alikuwa mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba katika masimulizi ya wazee silaha yake kubwa ilikuwa nyuki. Kesho yake mkeka ukawa na mzinga wa nyuki, uliotengenezwa kwa kijiti kinene cha mkaa. Askari wa kwanza kuufikia anaruhusiwa kuwafungulia nyuki mara moja, na adui wote walio ndani ya viberiti viwili wanakimbia na kupoteza zamu. Punje za alizeti zilizomwagwa kwenye mkeka ndizo nyuki.

Ilikuwa kanuni tamu. Ndiyo pia iliyokaribia kuvunja urafiki.

Mgeni aliposhindwa mara saba

Mwenyeji ndiye aliyekuwa akipanga uwanja, kwa sababu mkeka ni wa kwao. Ndiye aliyekuwa anaanza, kwa sababu askari ni wake. Na ndiye aliyekuwa anachagua upande, kwa sababu mgongo wake ulipenda kuegemea kochi. Kila alipopanga, mzinga wa nyuki ulijikuta uko karibu na kochi. Hakuiba dadu wala hakusogeza askari kwa siri. Alifuata kanuni zote neno kwa neno. Ila kanuni zote alizitangaza yeye.

Mgeni alishindwa mara saba mfululizo. Mara ya nane alisema, "Hii si haki." Mwenyeji akajibu kama anavyojibu mtoto yeyote aliye kwao: "Hujui kucheza tu. Kanuni ndiyo hiyo."

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sebuleni humo mgeni alikuwa anakuja, mwenyeji anapona, na mgeni anarudi kwao na jeshi lililokwisha.

Mama yake Mwenyeji alisikia sauti zimepanda, akatoka jikoni. Hukumu yake ilikuwa ya huruma. "Leo mwache mwenzio ashinde." Mwenyeji akatii. Aliwasogeza askari wake hovyo hadi wakaisha. Mgeni akashinda vita yake ya kwanza, akainuka, akavaa kandambili zake, na hakusema hata "mnicheze kesho".

Wazazi wengi wametoa hukumu kama hiyo kwa nia njema. Lakini mtoto wa miaka kumi na moja anajua tofauti ya kushinda na kupewa. Alichokuwa anakidai Mgeni ni nafasi sawa ya kushinda. Akapewa ushindi, na ile nafasi ikabaki pale pale ilipokuwa, karibu na kochi.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja.

Sarafu ya mia mbili

Siku ya tatu jioni mama yake Mgeni alibisha hodi na kapu la vitunguu kichwani. Baada ya salamu akauliza, "Dada, hivi mwanangu bado anakujaga hapa?" Alipojibiwa kwamba siku tatu hajaonekana, aliketi kwenye ngazi. Chenji ya vitunguu ilikuwa inapungua. Si nyingi, sarafu mbili tatu za mia mbili kwa siku. Alidhani anakosea hesabu.

Mtoto alipatikana si mbali. Alikuwa nyuma ya duka moja, amesimama na vijana wakubwa mbele ya mashine ya kamari, ile ya kutumbukiza sarafu na kubonyeza picha za matunda. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini mashine haina macho ya kutazama umri, na siku hiyo mwenye macho hakuwepo.

Hapa ndipo ugomvi wa mchezo unapoacha kuwa jambo dogo. Mama anayerudi nyumbani saa moja usiku anategemea sebule ya jirani. Ile sebule, ule mkeka na wale askari wa udongo ndivyo vilivyokuwa vinamlinda mtoto wake kuanzia saa tisa alasiri. Mchezo ulipoacha kuwa wa haki, ulinzi huo ukaisha, na hakuna mtu mzima aliyegundua.

"Mlikubaliana nini?"

Baba yake Mwenyeji ni mchezaji wa drafti. Jumapili huwa kijiweni, wanacheza kwa vizibo vya soda, jeshi moja limelala kifudifudi na jingine chali. Jumamosi iliyofuata aliwaita wavulana wote wawili, akamwomba mama yake Mgeni ruhusa, akaketi nao mkekani. Hakuuliza nani alianza ugomvi. Aliuliza, "Mlikubaliana nini?"

Wakatazamana. Mwenyeji akaanza kutaja kanuni moja baada ya nyingine. Baba akamkatiza. "Hizo ni kanuni. Mimi nauliza mlikubaliana nini." Kimya. Hawakuwahi kukubaliana chochote. Mmoja alitangaza, mwingine akacheza.

Ndipo akawaeleza anavyofanya anapofika kijiwe kigeni, iwe Manyoni, Kiomboi au Dodoma. Kabla hajakaa huuliza: kula ni lazima au ni hiari? Kete ya kawaida inakula kurudi nyuma au mbele tu? Kingi anatembea hatua moja au anaruka ubao mzima? Si kwamba watu wa kijiwe hicho ni wezi. Drafti ina familia nyingi duniani. Katika ile ya Kiingereza kingi husogea hatua moja moja, na katika ile ya kimataifa, yenye miraba 100 na kete 20 kila upande, kingi huruka mbali na kete ya kawaida hula hata kurudi nyuma. Zote ni drafti. Asiyeuliza kabla atagombana baadaye, na atakayeshinda ugomvi ni mwenye ubao.

Bao nalo lina somo lake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni huku 22 zikisubiri kuingizwa moja moja. Ni mchezo mgumu kwa anayeanza. Waliotutangulia hawakumwambia mtoto "hujui kucheza tu". Walikuwa na bao la kujifunza, ambamo kete zote hupangwa mbili mbili kwenye kila shimo tangu mwanzo, hivyo mtoto na mtu mzima wanaweza kuketi ubao mmoja. Kubadilisha kanuni ili mwenzako aweze kuingia kwenye mchezo ni jambo la kale, na wachezaji hodari ndio waliolihifadhi.

Anayepanga hachagui

Baba aliwaachia swali moja, akaenda zake kunywa chai: "Kanuni gani mngeikubali kabla hamjajua mtakaa upande upi?"

Iliwachukua alasiri nzima. Mgeni alitaka nyuki wafutwe kabisa. Mwenyeji akakataa, bila nyuki mchezo umepoa. Mgeni akataka mzinga wa nyuki uwekwe katikati kabisa, upimwe kwa kamba. Wakajaribu. Ikawa kila vita ni mbio za kuelekea katikati, na anayeanza ndiye anayefika. Wakajaribu kurusha dadu kuamua nani aanze. Afadhali, lakini Mwenyeji bado alipanga mawe yote upande wa kochi.

Suluhisho lilitoka kwa yule mdogo aliyekuwa anahesabu hadi mia. Mama yao akiwagawia muhogo huwa anampa mmoja kisu na mwingine haki ya kuchukua kwanza, na hakuna muhogo unaokatwa sawa kama huo. "Basi kaka apange, halafu yeye achague pa kukaa," alisema.

Wakaandika kwenye ukurasa wa daftari: *Anayepanga hachagui upande.* Vita iliyofuata Mwenyeji alipanga uwanja kwa makini ambayo hajawahi kuitumia kwenye hesabu. Alihamisha jiwe moja mara nne. Alilala kifudifudi kila upande wa mkeka kuangalia nani anaona nini. Kwa mara ya kwanza alikuwa anautazama mchezo kwa macho ya Mgeni, na hakuna aliyemhubiria kufanya hivyo. Kanuni ndiyo iliyomlazimisha.

Watoto hao hawakujua kwamba mtu mzima maarufu aliwahi kufikia jibu hilo hilo. Mwandishi wa Uingereza H. G. Wells, anayejulikana zaidi kwa hadithi zake za kubuni za kisayansi, mwaka 1913 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kuchezea vita kwa askari wa kuchezea sakafuni. Katika kanuni zake, mchezaji mmoja hupanga uwanja, na mwingine ndiye huchagua atapigana kutoka upande gani. Wells alizitengeneza kanuni zake kwa kucheza na rafiki zake, wakijaribu na kurekebisha.

Kwa mzazi anayeogopa kwamba mchezo wa vita utamfundisha mtoto kupenda vita, kitabu hicho kina jambo jingine. Wells alikifunga kwa kusema kwamba aliyecheza vita vidogo ataona wazi jinsi vita vya kweli vilivyo vya kipuuzi na vya gharama. Mwaka mmoja baadaye, 1914, Vita Kuu ya Kwanza ililipuka, na ikaifikia hata nchi hii, wakati huo ikiwa koloni la Wajerumani. Askari wa udongo akianguka anasimamishwa tena kesho. Ni vizuri mtoto akaambiwa tofauti hiyo waziwazi, hasa yule anayemjua Liti kwa jina la uwanja tu.

Wenye kanuni na wasio na kanuni

Amani haikuja siku moja. Mwenyeji aliposhindwa mara mbili kwa kanuni mpya, aliwakusanya askari wote ndani ya kopo. "Ni wa kwangu." Na kweli ni wake, aliwafinyanga mwenyewe. Kanuni haiwezi kufuta jambo hilo. Safari hii mama yake hakutoa hukumu. Alimuuliza tu, "Na mwenzio hana udongo kwao?" Kesho yake Mgeni alikuja na jeshi lake, askari kumi na wawili wenye ngao, wamefinyangwa vizuri kuliko wale wa kwanza. Kanuni ya pili ikaandikwa: *Kila mtu na jeshi lake.* Ya tatu ilikuja baada ya dadu kuviringika chini ya kochi na Mwenyeji akadai imeonyesha sita: *Dadu iliyotoka nje ya mkeka inarushwa tena.* Ya nne ndiyo iliyowasaidia kuliko zote: *Kanuni haibadilishwi katikati ya vita. Mwenye lalamiko anasubiri vita iishe.*

Ile ya nne ina hekima ambayo hata vikundi vya vikoba vya watu wazima huihitaji. Anayeshindwa ana haki ya kulalamika, lakini malalamiko yake yatasikilizwa kwa utulivu zaidi wakati hakuna tena ushindi wa kuokoa.

Kuhusu ile mashine, baba hakumpiga mtoto wa watu wala kumtisha. Alimuuliza, "Kanuni yake umeisoma wapi?" Mgeni akasema haikuandikwa. "Ungeambiwa uchague, ungekaa upande wako au upande wa mashine?" Mtoto akafikiri kidogo. "Wa mashine."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anayepanga ndiye anayechagua."

Jibu hilo halikumaliza tatizo. Wiki mbili baadaye alirudi kule nyuma ya duka, akaacha mia nne. Lakini safari hii alimwambia mama yake mwenyewe, kabla chenji haijahesabiwa. Mama alimkatia mia nne hiyo kwenye hela ya andazi, wakakubaliana siku ngapi. Kisha akaenda kuzungumza na mwenye duka, na akamwarifu mjumbe wa mtaa, kwa sababu kumkanya mtoto na kuiacha mashine pale pale ni kazi nusu.

Mzazi afanye nini

Ugomvi wa kanuni ukitokea kwako, yapo mambo machache ya kujaribu kabla ya kufungia mchezo kabatini.

Kwanza, uliza "mlikubaliana nini?" kabla ya "nani alianza?" Swali la pili linatafuta mkosaji. La kwanza linaonyesha kama kulikuwa na makubaliano yoyote.

Pili, tazama nani ni mwenye nyumba katika mchezo huo. Anaweza kuwa mwenye mpira, mwenye simu, au kaka mkubwa. Huyo mara nyingi hadanganyi, ila kanuni zimemwegemea bila yeye kuona. Msaidie aone kwa kubadilishana pande.

Tatu, usimwamuru anayeshinda ashindwe. Badilisheni kanuni ili anayeshindwa apate nafasi, kisha waache wapambane kweli.

Nne, waandike. Mtoto anayeandika kanuni kwa mkono wake hawezi kusema kesho kwamba hakuijua. Karatasi moja inatosha, na ikijaa makosa ya tahajia usiisahihishe.

Mwisho, fahamu mchezo wao unamlinda nani. Kama kuna mtoto wa jirani anayekuja kwako kila alasiri, mama yake amekukabidhi saa zake ngumu zaidi bila hata kusema. Akikosekana siku mbili, tuma mtu akamuulizie.

Pale mtaani Singida karatasi ya kanuni sasa ina mistari kumi na mmoja. Imebandikwa kwa ugali ukutani, chini ya ratiba ya masomo. Mstari wa mwisho uliongezwa na yule wa darasa la pili, aliyechoka kuhesabu hadi mia. Unasema kwamba anayehesabu naye apewe jeshi, na wengine wahesabu kwa zamu. Wavulana walibisha jioni nzima. Vita ilipoisha, wakakubali.